Mbegu za Kambo na Mifuko Iliyokunjwa Vizuri

Naviundu, Lubumbashi
Mwezi wa sita, asubuhi ya baridi

Mama yangu mpendwa,

Kabla ya yote niambie habari za goti. Bado linakusumbua ukishuka ziwani, au ile dawa ya kuchua niliyompa Mama Chola imelituliza kidogo? Na kifua je? Tafadhali usinijibu "niko muzuri" kama unavyomjibu kila mtu hata ukiwa unatetemeka kwa homa. Mimi ni mzima. Nakula, nafanya kazi, nimekonda kidogo. Mama Chola akishamaliza kuuza samaki wake huku na kurudi Pweto na barua hii, atakuambia nimekonda sana, maana yeye huongeza. Punguza nusu.

Hii ni mara ya nne naanza kuandika. Karatasi tatu za kwanza nimezichana. Naandika mistari miwili, nasimama, naenda dirishani, narudi, naona nilichoandika hakifai. Utauliza kwa nini sipigi simu kama kila Jumapili. Sipigi kwa sababu simu ni ya Kaka Kisimba, na Kaka akishika simu hufungua sauti hadi majirani wote wajue bei ya unga wa Lubumbashi. Tena, kwenye simu nimekudanganya mara tatu. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usome mwenyewe, polepole, bila kumwita mtu.

Mama, mbegu zako haziko salama.

Uliniuliza mwezi wa pili, ukaniuliza mwezi wa tatu, ukaniuliza tena siku ya Pasaka: "Mwansa, na mbegu yangu?" Na mimi kila mara: "Iko, Mama, iko muzuri." Ya kwanza niliisema kwa woga. Ya pili kwa sababu nilikuwa nimeshasema ya kwanza. Ya tatu sijui niiite nini. Baada ya hapo nilitembea kutoka hapa mpaka Kamalondo na kurudi kwa miguu, sina shughuli yoyote kule, natembea tu.

Nakumbuka jinsi ulivyopanda juu ya kigoda na goti lako hilo, ukateremsha mahindi manane kutoka juu ya moshi wa jiko. Yalikuwa kumi na mawili, ukabakiza manne. Ukayapangusa masizi moja moja kwa kitenge chako, ukaniambia: "Peleka kwa bale bantu bako ba mashini, lakini urudishe. Haya mahindi njo Kambo yako. Usinipotezee mama yangu." Nikacheka, bibi yangu kuitwa mahindi. Nikasema nitakurudishia maradufu. Halafu maji ya ziwa yakapanda, yakalala juu ya shamba la chini mlimopanda yale manne, na ya Kambo yote yakabaki mikononi mwangu.

Wewe huwaambia watu huko kwamba mwanao anasoma damu ya mimea. Si uongo sana. Tunatoboa jani, tunalisaga, tunalitia kwenye mashine, na mashine inatuambia huyu ni mtoto wa nani. Chef Ilunga, mkubwa wangu katika kituo chetu cha utafiti, aliyapenda mahindi ya Kambo kwa sababu yanakomaa upesi, kabla mvua haijatutoroka. Sisi tuna mahindi ya rangi ya chungwa, mazuri kwa macho ya watoto, lakini yanachelewa. Tukataka kuyaozesha na ya Kambo. Mistari sita ilikuwa ya ndoa hiyo, ya chungwa yakitangulia kupandwa ili maua yakutane. Mistari minne niliomba iwe ya Kambo peke yake, isichanganywe na chochote, ili nikurudishie alivyokuwa.

Shamba letu la majaribio liko hapa Naviundu, upande wa mto, ng'ambo ya njia kutoka nyumba ninayopanga. Siku ya kupanda Mama Ngalula alikuwa amesimama kwenye seng'enge anatutazama. Ni jirani yangu, muuza unga, wazazi wake walitoka Kasai lakini yeye amezaliwa Kamalondo na anakukumbusha hilo kila siku. Mama, wewe umenilea kwamba mtu akikukuta unapanda, humwachi aondoke mikono mitupu. Sheria ya kituo inasema hata punje moja isitoke. Nilitazama huku na huku, nikampa konzi moja ya mbegu za Kambo, nikamnong'oneza kwamba ni mbegu ya mama yangu. Akazifunga kwenye pembe ya kitenge, akasema: "Aksanti, mutoto. Mama yako alikukomalisha muzuri." Siku nzima nilifurahi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Mahindi yana ua lake juu, ndilo dume, na ndevu zake kiunoni, ndizo jike. Unga wa ua ukidondoka kwenye ndevu, punje inashika. Lakini upepo hauchagui, unaweza kuleta unga wa shamba la jirani. Kwa hiyo tunafunika. Mfuko wa karatasi juu ya ua, mfuko mwingine kwenye ndevu, na kila mfuko tunabandika kibandiko chenye herufi za shamba, namba ya mstari na namba ya mmea. Tulipomaliza, shamba zima lilikuwa limevaa. Mimi naona kazi safi. Sikukumbuka kwamba barabarani polisi walikuwa wanawakamata watu wasiovaa barakoa. Watu wa mtaa walipita, wakasimama, wakatazama mahindi yaliyofunikwa, wakatazamana. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikumweleza mtu.

Wiki hiyohiyo corona ilikuwa imerudi kwa mara ya pili na kwa nguvu. Wakaja watu wa afya kituoni. Kumbe mashine inayosoma majani inaweza kusoma na makamasi ya mtu, na za hospitali zilikuwa zimeelemewa. Chef Ilunga akasema: "Mwansa, utaenda na wauguzi. Wao watachukua, weye utaandika." Wakaweka hema kwenye uwanja wetu wa Naviundu, mita chache kutoka shambani. Muuguzi anatia kijiti puani, ananipa kichupa, mimi nabandika namba. Saa nne asubuhi vibandiko vyao vikaisha. Mfukoni mwa koti langu jeupe kulikuwa na rola ya akiba ya vibandiko vya shambani, yenye namba zilezile, nusu imebaki. Namba ni namba, nikajiambia. Nikaendelea kubandika.

Mama Ngalula alikuwa wa kumi na moja kwenye mstari. Alikuja kwa ajili yangu, ndilo linaloniuma. Alikuwa anakohoa siku mbili, na alikuwa amewaambia wenzake: "Kama ni Mwansa eko pale, tuende." Akakaa kitini, akavua barakoa, akafumba macho. Halafu akayafumbua, akaona kichupa mkononi mwangu. Herufi zilezile. Mstari wa tatu, mmea wa saba. Kila asubuhi alikuwa anaziona kutoka dirishani kwake.

Akasimama. Hakupiga kelele, na ni mwanamke anayejua kupiga kelele.

"Mwansa. Numero ya pua yangu iko sawa na numero ya mahindi. Niambie, mi niko muntu ao niko mulimo ya shamba?"

Nikasema, Mama Ngalula, ni vibandiko tu, vya wauguzi vimeisha. Nikaisikia sauti yangu ilivyokuwa nyembamba. Akavaa barakoa yake, akaondoka, na mstari wote ukaondoka nyuma yake. Tulikaa pale na muuguzi hadi saa tisa, hakuja mtu. Jioni nilikuwa nimeshasikia yote: kwamba mahindi yale yalipewa ugonjwa kwanza, sasa ni zamu ya watu, kwamba sisi tunatazama nani atakauka mapema. Mtaa mzima haukupimwa. Mama Ngalula alikohoa ndani ya nyumba yake wiki tatu. Nilimpelekea malimau na tangawizi, nikaviacha mlangoni, kesho yake nikavikuta palepale. Nilikuwa nahesabu kikohozi chake kupitia dirisha. Usiku kikinyamaza naogopa, kikianza tena nashukuru. Alipona, Mungu ni mwema. Wengine wawili wa mtaa wetu hawakupona, na sijui kama kupimwa kungewasaidia. Swali hilo linanizungusha hadi leo.

Kabla ugonjwa haujamlaza kabisa, siku ya pili baada ya lile hema, walikuja mlangoni kwangu wanawake watano, yeye mbele, kitenge kimefungwa kichwani na anakohoa. Mikononi amebeba rundo lililofungwa kwa kipande cha kitambaa. Nilidhani ni nguo.

"Tulileta bintu byako," akasema. "Tulikunja muzuri, hata moja haikupasuka."

Ilikuwa mifuko yangu. Yote. Wameitoa mahindini alfajiri, wamekung'uta vumbi, wameikunja pembe kwa pembe.

"Siye bantu mulituvalisha ma-cache-nez kwenye pua, tukasema bon, tutavumilia," akaendelea. "Lakini mahindi ilikosa nini? Ilikuwa inakufa na joto. Sasa iko inapumua."

Mama, ningefanya nini? Hawakuiba, hawakung'oa hata mmea mmoja. Waliyaonea huruma. Nilisema asante. Nilipokea rundo kwa mikono miwili kama ulivyonifundisha, nikafunga mlango, nikakaa chini sakafuni. Ndevu zilikuwa ndiyo kwanza zinatoka, na upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa mahindi ya chungwa tangu alfajiri; kuyafunika tena kusingesaidia. Jumapili iliyofuata nikapiga simu, ukauliza mbegu yako.

Wakati wa kuvuna nilimenya hindi la kwanza la mistari ile minne ya Kambo. Punje nyeupe, nyeupe, halafu ya njano. Nyeupe mbili, njano tatu. Nikamenya la pili, la tatu, nikamenya yote, maganda yakanifika magotini. Hakuna hata moja lililobaki jeupe. Chef Ilunga alinipiga bega, akasema: "Ni msimu mumoja tu, Mwansa. Tutarudilia mwaka kesho." Kwake ni msimu. Na tutarudia na nini?

Nikaishi hivyo wiki kadhaa. Naenda kazini, narudi, napita mbele ya nyumba ya Mama Ngalula nikitazama ardhi. Mpaka siku moja mwezi wa tano akaniita kutoka kwenye ua wake.

"Weye, mutu wa mashini. Ingia."

Nikaingia. Ukutani, juu ya mbabula yake ya makaa, kulikuwa kunaning'inia mahindi kumi na mawili, yamesukwa kwa maganda yake kama unavyosuka wewe. Madogo, manene, meupe, na alipobandua punje chache nikaona gunzi jekundu, alama ya Kambo. Nilisogea nikayagusa. Ile konzi niliyompa! Alikuwa hajaipanda msimu ulipoanza kwa sababu alikuwa na shughuli za unga, halafu akaugua, akaja kuipanda alipoinuka kitandani, imechelewa sana, wenzake wakamcheka. Lakini mahindi ya Kambo yana haraka, yakawahi mvua za mwisho. Yalipotoa ua, maua ya mtaa mzima yalikuwa yameshakauka.

"Sita ni ya mama yako," akasema. "Niliikalisha peke yake. Hakuna mahindi ingine iliyokuwa na ua karibu. Niliangalia kila siku."

Na mimi, mwanao, unajua nilisema nini? Nilisema: "Mama Ngalula, nipe punje kumi kwanza nikazipime."

Uso wake ukakunjamana. Kwa haki ya kazi yangu nilikuwa na sababu. Unga wa mahindi ya chungwa unauona kwa macho, unageuza punje njano. Lakini unga wa mahindi mengine meupe huuoni, nyeupe juu ya nyeupe, na hapa kila nyumba ina mahindi meupe. Ni mashine tu ingejua. Lakini hayo sikuyaeleza. Nilinyoosha mkono tu.

"Mi nakuambia niliangalia," akasema. "Unaniamini ao hapana?"

Nikasema nakuamini. Akafunga mahindi sita kwenye kitambaa, akanipa. Na wakati amegeuka kuchukua maji ya kuninywesha, nikaokota zile punje alizobandua, zilizokuwa kwenye sahani. Kumi. Nikazitia mfukoni, nikanywa maji yake, nikaaga.

Nilizipanda kwenye vikopo vya mtindi dirishani. Zikaota zote, hata moja haikukataa. Zikapata jani la kwanza, la pili, la tatu. Mashine iko huru tangu wagonjwa walipopungua. Kila asubuhi nachukua kitobozi cha majani, nasimama dirishani, nakirudisha mfukoni. Kila siku, Mama. Nikiwa kazini nawaza vikopo, nikiwa nyumbani nawaza mashine. Nimevunja sahani mbili nikiosha. Mama Chola aliponiambia anarudi Pweto wiki hii nikajua lazima nikuandikie, na kila nikianza kuandika naona siwezi kukueleza chochote nikiwa na wizi dirishani.

Kwa hiyo jana, mchana, nilivipanga vikopo kumi kwenye beseni, nikavuka njia, nikaviweka mbele ya Mama Ngalula. Alikuwa anachekecha unga. Nikamwambia nilivyofanya, bila kupamba. Na safari hii nikamweleza na mengine yote: mifuko ilikuwa ya nini, upepo unafanya nini, vibandiko vilifikaje kwenye vichupa, na kwamba kati ya mahindi aliyoyavua mifuko yalikuwemo ya mama yangu.

Aliacha chekecheke. Akainua kikopo kimoja, akautazama mche.

"Ile mifuko ilikuwa ya kumulinda mama yako?"

"Ndiyo."

"Na haukuniambia! Mi niko hapa ng'ambo ya njia, kila siku unapita." Akajifuta unga mikononi, machozi yakamlengalenga, na mimi pia. "Mi nilikuvulia mahindi bila kukuuliza. Weye ukanibebea punje bila kuniuliza. Tuko sawasawa. Bon."

Nikamuuliza basi, kwa mdomo wangu, kama sasa ataniruhusu kupima. Nilikuwa tayari kwa ndiyo, tayari kwa hapana. Akatikisa kichwa.

"Haiko yangu. Mi ulinipa tu. Mama yako anasema nini?"

Nikamwambia ukweli: sijui. Mama, sijawahi kukuuliza. Siku ile jikoni nilikuja na mifuko yangu na maneno ya kituo, nikakueleza mahindi yatafanywa nini, wewe ukapanda kigoda. Sikukuuliza hata mara moja.

Tukabeba miche mpaka bustani yake ya mboga kando ya mto, anapomwagilia kiangazi chote, tukaipanda mstari mmoja. Aliikandamizia udongo yeye mwenyewe. Nilipomtania kwamba hema la kupima litarudi na nitambandikia kibandiko chenye jina lake kwa herufi za dhahabu, akasema pua yake bado hapana, lakini atakuja kutazama.

Sasa ndiyo nauliza. Kwenye kitambaa cha Mama Chola utakuta mahindi sita. Yashike. Yapukuchue, tazama gunzi, tafuna punje, fanya unavyofanya. Kama ni Kambo, utamjua. Kama si yeye, niambie hivyohivyo, na usimlaumu Mama Ngalula, maana yeye alilinda alichopewa. Aliyepoteza ni mimi. Na kama macho yako yatasita, niambie kama nitoboe yale majani. Ukisema ndiyo nitapima na matokeo utayasikia wewe kwanza, hata yakiwa mabaya. Ukisema hapana nitapalilia tu. Kitobozi nimekiacha kwa Mama Ngalula, juu ya rafu ya chumvi.

Msalimie Kaka Kisimba mfuma nyavu, umwambie simu ni yake lakini Jumapili hii akupe na aende nje. Msalimie Shangazi Mumba anayekukanda goti, na Mjomba katekista, aniombee nitulie. Watoto wa Kaka wabusu wote. Mama Ngalula anakusalimu, anasema hakujui lakini alikuangalia kila siku.

Niko karibu na simu, nimesimama.

Mimi mwanao niliyekuambia mara tatu kwamba iko muzuri,

Mwansa